Paa Jeupe, Shoo Nyeupe: FJ Cruiser Yangu Inavyorudi kwa Babu Yake

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya gari ni chuma cha kushikia. Kilikuwa mbele ya kiti cha abiria, kimefungwa kwenye dashibodi kwa boliti, kinene kama kidole gumba cha mtu mzima, na katikati rangi ilikuwa imeondoka kwa mikono ya watu. Baba alikuwa dereva wa mradi wa mifugo. Likizo za shule alinichukua mara mojamoja, tunatoka Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, mpaka Mbulu, enzi ambazo lami ilikuwa haijafika huko na barabara ilikuwa makorongo na vumbi. Kila tukikaribia korongo alisema maneno yaleyale: "Shika chuma, mama." Nashika kwa mikono miwili, gari linainama, tunatokea upande wa pili.

Lilikuwa Land Cruiser FJ40, fupi, rangi ya mchanga, paa jeupe, na shoo nyeupe, yaani ule uso wa mbele ya injini, yenye taa mbili za duara na herufi TOYOTA katikati. Mradi ulipoisha likapigwa mnada, likaenda zake. Baba alistaafu, mimi nikakua, nikasoma, nikaanza kazi. Lakini mpaka leo nikisikia mlio wa injini ya zamani ya silinda sita barabarani, nageuza shingo.

Mwaka juzi nilinunua FJ Cruiser ya mwaka 2012, iliyotumika Japani, ikashushwa bandarini Dar es Salaam nami nikaifuata mwenyewe. Nilikuwa nimeitamani tangu nilipoiona picha yake kwa mara ya kwanza, na sababu ni ile sura. Toyota waliionyesha Detroit mwaka 2003 kama gari la maonyesho, watu wakaipenda, ikaingia sokoni mwaka 2006. Kwa babu yake, yaani FJ40, ilichukua taa za duara, jina lililoandikwa kwa herufi pana kwenye shoo badala ya ile nembo ya siku hizi, paa jeupe, na kioo cha mbele kilichosimama karibu wima. Kioo chenyewe ni kifupi na kipana mno, ndiyo maana kina waipa tatu. Chini ya bodi, hata hivyo, ni ndugu wa Prado, injini ya V6 (silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 4.0. Milango ya nyuma inafunguka kinyume, na haifunguki mpaka ya mbele iwe wazi.

Babu mwenyewe ana ukoo mrefu. Gari la kwanza la mlolongo huu, BJ, lilitengenezwa mwaka 1951, na mwaka huohuo dereva wa majaribio akalipandisha mpaka kituo cha sita cha mlima Fuji. Jina la Land Cruiser likaja mwaka 1954. Familia ya 40 ilianza mwaka 1960 na Japani waliendelea kuitengeneza hadi 1984. Herufi F ni ya injini: petroli, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 3.9, na baadaye 2F ya lita 4.2. Zenye dizeli ya silinda nne ziliitwa BJ40. Baba hakuyajua haya kwa tarehe. Aliyajua kwa sikio na kwa pua.

Siku nilipomletea gari nyumbani alitoka na fimbo yake, akalizunguka mara mbili bila kusema neno. Akagonga bampa kwa kifundo cha kidole. Plastiki. Akasimama mbele, akaliangalia usoni kwa muda, kisha akasema: "Limefanana. Ila limenenepa."

Hakuna fundi aliyewahi kunieleza tatizo vizuri kuliko hivyo. Nilipopima nikaona namba zinakubaliana naye. FJ Cruiser yangu ni ndefu kuliko FJ40 fupi kwa karibu sentimita 80, na ni pana kuliko yeye kwa sentimita 24. Huo upana ndio uliomsumbua mzee.

Magari mengi mapya yanayoiga sura ya zamani yana shida hiyohiyo. Fiat walizindua gari lao jipya la 500 tarehe 4 Julai 2007, miaka hamsini kamili baada ya ile ya 1957, na ukiziweka pamoja unaona mzazi anaenea kwapani mwa mtoto. Beetle mpya ya Volkswagen ya miaka ya tisini ina injini mbele, ilhali ile ya zamani injini ilikuwa nyuma, kwa hiyo hata ukiipaka rangi ileile pua yake inakataa. Sheria za usalama, viyoyozi, viti vipana, vyote vinataka nafasi. Huwezi kumrudisha mjukuu kuwa babu. Unachoweza ni kuondoa vitu vinavyomficha babu ndani yake.

Kabla sijafika kwenye kazi yenyewe, wengi wameniuliza kwa nini sikununua FJ40 yenyewe. Nilitafuta. Zilizobaki kwetu ni chache, na nyingi zimeliwa na kutu sakafuni na kwenye kingo za milango. Aliyeipata anastahili kuifufua kama ilivyokuwa, kwa subira na kwa fedha. Mimi naendesha Arusha hadi Moshi mara mbili kwa wiki katikati ya mabasi na malori, nabeba watoto wa dada yangu, nahitaji breki za kisasa, mikanda inayobana na mifuko ya hewa. FJ40 haina hivyo vyote, nami sikutaka kuikata na kuibadili ili iwe navyo. Gari lililofika umri ule liachwe lizeeke kwa heshima.

Nikajiwekea sharti kwa FJ Cruiser pia: hakuna kukata bodi wala kuchomelea kitu juu yake. Kila kinachoongezwa kifungwe kwa boliti kwenye matundu yaliyopo, na kila kinachotolewa kihifadhiwe. Japani waliacha kuiuza mwanzoni mwa mwaka 2018. Siku moja nayo itakuwa ya zamani, na mtu atataka kuiona ilivyotoka kiwandani. Chumba changu cha stoo kina viroba vitano vilivyoandikwa kwa kalamu nene: BAMPA MBELE, SHOO, VIOO, RIMU, NDANI.

Nilianza kwa kuvua. Mwenye gari wa kwanza huko Japani alikuwa ameongeza mapambo ya kung'aa kwenye vioo vya pembeni na vitasa, ngazi za pembeni, keria kubwa juu ya paa, stika ubavuni. Huku kwetu nako wanaokutana na FJ Cruiser huwa wanaongeza: taa ndefu za LED juu ya kioo, winchi, mkonga wa kuvutia hewa juu, vyuma mbele na nyuma, rangi nyeusi isiyong'aa. Naelewa, gari lina sura ya ubabe. Lakini gari la Baba halikuwa na kitu. Lilikuwa bati, kioo, na nafasi. Keria iliposhuka na paa likaonekana lote, tayari nusu ya sura ya zamani ilikuwa imerudi, na sikuwa nimetumia hata shilingi.

Fundi wangu wa bodi yuko mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha. Maisha yake yote amekuwa akifanya kazi ambayo Arusha inaijua vizuri: anachukua Land Cruiser mpya, anakata chasi, anairefusha, anaongeza viti na paa linaloinuka ili watalii wasimame na kupiga picha za simba. Mtu aliyezoea kurefusha magari, mimi nikaja kumwomba anifupishie langu kwa macho. Alicheka, kisha akachukua chaki.

Wazo la bampa ni lake. Bampa la FJ40 ni chaneli ya chuma iliyonyooka, haina mkunjo, na ni fupi kuliko upana wa gari. Ukisimama mbele unaziona tairi pande zote mbili. Bampa la plastiki la FJ Cruiser linajaza kila pengo, linazunguka mpaka kwenye tairi, na ndilo linalofanya uso uonekane umevimba. Akakata chaneli ya unene wa milimita 4, kimo cha kiganja, urefu wa mita moja na nusu tu wakati gari lina karibu mita moja na tisini. Akaviringa ncha zake kwa msasa wa mashine mpaka zikawa laini, kwa sababu bampa lenye ncha kali ni kisu kwa mtu anayetembea kwa miguu. Boriti ya kiwandani inayopokea kishindo ikabaki mahali pake nyuma ya chaneli, haikuguswa. Tulipolifunga na kurudi nyuma hatua kumi, pua ilikuwa imepungua. Namba kwenye tepu ni zilezile, lakini jicho linafuata chuma cheupe kilichonyooka, na kinachobaki pembeni linakiona kama kivuli.

Shoo ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Toyota wenyewe walikwishaonyesha njia: mwaka 2014, toleo la mwisho la Marekani lilitoka na rangi ya bluu na fremu ya shoo nyeupe, kwa heshima ya FJ40. Fremu inafunguka kwa klipu na skrubu. Unaipiga msasa, unaipaka praima (rangi ya msingi) ya plastiki, unaipaka rangi. Shida ilikuwa weupe gani. Picha za zamani hazisaidii, zote zimegeuka njano. Nilimpelekea Baba vibao vitatu, akaviangalia kivulini, kisha akanitaka nivitoe juani. Akasogeza kimoja kwa fimbo. "Hii ni ya karatasi." Cha pili: "Hii ya ukuta wa hospitali." Cha tatu akakiacha. "Hii ndiyo. Nyeupe ya maziwa."

Rangi ya bodi ilinipa mateso, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Toyota waliiita Dune Beige ile rangi ya mchanga. Duka la rangi linaweza kukuchanganyia kwa namba, lakini nilitaka kuiona kwa macho. Katika uwanja mmoja wa magari mabovu kulikuwa na FJ40 iliyokwishachunwa, imebaki fremu ya kioo na dashibodi. Nikanunua vipande viwili, na kimoja kilikuwa bati dogo lililokuwa limefunikwa na lingine, halikupata jua. Nikalisugua kwa kitambaa na polishi taratibu. Chini ya ukungu wa miaka arobaini ikatokea rangi nzito, tulivu, isiyo na chembe hata moja ya kumetameta. Rangi za siku hizi karibu zote zina unga wa metali ndani yake, na juu yake wanapiga klia inayong'aa kama kioo. Ile ya zamani inang'aa yenyewe, kidogo, kama ganda la yai lililofutwa.

Gereji ya kwanza niliyoipa kazi walinielewa kwa maneno tu. Ilikuwa Aprili, masika imekolea, wakapiga msasa wa maji, wakaharakisha kupaka kabla praima haijakauka. Wiki tatu baadaye, kwenye boneti na mlango wa kushoto, vikaanza kutoka vipele vidogo kama vya joto. Ukikitoboa kwa ukucha, maji. Praima ilikuwa imenywa unyevu, jua likaupasha, ukatafuta pa kutokea. Ikabidi kukwangua mpaka kwenye bati na kuanza upya. Nililia siku ile, siyo kwa ajili ya fedha peke yake. Nilihisi nimeliumiza gari.

Fundi rangi wa pili alinipokea kwa uangalifu. Alinisikiliza, akalishika lile bati, akaligeuza geuza. Akasema, "Dada, bila klia jua litaifubaza." Alikuwa sahihi. Rangi isiyo na klia hufubaa, inatoa unga, lazima uisugue kwa polishi mara kwa mara. Nami nilikuwa sahihi kwamba juu ya mchanga ule klia ingekuwa uongo. Tukakubaliana juu ya rangi ya 2K ya tabaka moja, yenye kigumishi, inayovumilia jua kuliko enameli za zamani lakini bado inang'aa yenyewe. Alisubiri Juni. Kila tabaka aliliacha lipumue, gari likakaa kwake siku kumi na nane. Gharama yote ya rangi, ukihesabu na ile iliyoharibika, ilipita milioni nne. Paa likapakwa upya kwa ile nyeupe ya maziwa. Weupe wa paa siyo urembo tu, ukiegesha juani mchana wa Februari unaweza kuingia ndani bila kuungua mapaja.

Kadi ya gari ina sehemu ya rangi, kwa hiyo nilitoa taarifa TRA, mamlaka ya mapato, na kwa kampuni yangu ya bima. Usiache hilo.

Halafu tairi. Hapa nilijifunza kitu ambacho sikukitegemea. Rimu ya FJ40 ina matundu sita, na kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo ni kilekile cha FJ Cruiser, milimita 139.7. Nilifurahi sana, nikabeba rimu mbili za inchi 15 hadi gereji. Matundu yanalingana na boliti bila shida, lakini rimu haipiti kwenye kalipa ya breki, kile chuma kinachobana diski. Breki za kisasa ni kubwa, na sitapunguza breki kwa ajili ya sura. Nikarudi kwenye rimu za chuma za inchi 17, za aina ambayo FJ Cruiser za bei ya chini zilitoka nayo kiwandani, nikazipaka nyeupe.

Siri yenyewe imo kwenye upana wa tairi. Yangu zilikuwa 265/70R17, namba ya kwanza ikiwa upana kwa milimita. Nikaagiza 235/80R17 kutoka Dar. Piga hesabu: kimo cha tairi kinatofautiana kwa milimita 5 tu, kwa hiyo spidomita haidanganyi, lakini kila tairi imepungua upana kwa milimita 30. Tairi nyembamba na ndefu ndizo zilizolipatia gari la zamani ule msimamo wake, kama mtu aliyesimama kwenye ncha za vidole. Ukiniuliza kitu kimoja cha kufanya kama huna fedha ya kingine chochote, nitasema tairi. Usukani nao umekuwa mwepesi, na kwenye tope la Monduli zinakata mpaka chini badala ya kuelea.

Indiketa za kuongeza juu ya mbawa za mbele, kama za FJ40, niliziacha. Zingetaka matundu mapya kwenye bati.

Ndani sikufanya mengi. FJ Cruiser tayari ina vipande vya dashibodi vilivyopakwa rangi ya gari, vikafuata ile ya mchanga. Fundi viti akanishonea kava za ngozi ya plastiki ya kijivu, mshono ulionyooka, bila nembo. Redio ya skrini iliyowekwa na mwenye gari wa kwanza nikaitoa, nikaweka ndogo yenye vitufe. Usukani una mfuko wa hewa, ukabaki kama ulivyo.

Na kile kipande cha pili nilichonunua kwenye uwanja wa magari mabovu, bila shaka umekwishajua, kilikuwa chuma cha kushikia.

Nilikaa nacho wiki nzima mezani. Kilikuwa na kutu kwenye ncha, lakini katikati kiling'aa, mikono ya watu nisiowajua ilikuwa imekilainisha kama ile ya kwetu. Nilikisafisha kwa brashi ya waya kwenye ncha tu, katikati sikugusa. Nilitaka kukifunga mbele ya abiria na kumpeleka Baba Karatu. Kwa kweli ndiyo sababu ya mambo yote haya, naiandika sasa wazi kwa sababu wakati ule sikuwa nimejiambia.

Fundi umeme ndiye aliyenizuia. Alikuwa akikagua nyaya za taa, akakiona mkononi mwangu, nikamwonyesha mahali. Akaweka kiganja juu ya dashibodi, palepale. "Dada, chini ya mkono wangu hapa kuna mfuko wa hewa. Ukigonga, huu unafumuka kabla hujapepesa jicho. Chuma kikiwa mbele yake kitamwendea abiria usoni." Nikamuuliza kama tunaweza kuuzima huo mfuko. Akasema inawezekana, ila yeye hatafanya. Nikaona aibu kwa kuuliza. Nilikuwa nimekataa kupunguza breki kwa ajili ya rimu, halafu nikawa tayari kuondoa mfuko wa hewa mbele ya baba yangu mwenye miaka sabini na minane.

Nikaenda kumweleza. Alikishika kile chuma, akakipima uzito, akapitisha kidole gumba katikati. "Kifunge nyuma," akasema, "watoto wapandie." Ndivyo ilivyo sasa. Kiko ubavuni mwa sehemu ya mizigo, kimefungwa kwenye matundu ya kiwandani ya kufungia kamba, na wajukuu wake wanakishika wanapoparamia kupakua vitu. Kinazidi kung'aa.

Karatu tulikwenda Agosti. Barabara ni lami tupu mpaka juu, Baba alikuwa akihesabu makorongo ambayo sasa yana madaraja, anayataja kwa majina ya watu waliowahi kukwama hapo. Baada ya Karatu tukaacha lami, tukashika njia ya vumbi kuelekea Mbulu, kwenda kumjulia hali mzee aliyefanya naye kazi. Mbele kukawa na mteremko, mvua imeuchimba, gari likaanza kuinama upande wake. Alikuwa katikati ya hadithi na hakuikatiza. Mkono wake wa kushoto ulikwenda mbele wenyewe, ukakuta dashibodi tupu, ukabaki pale juu umetandazwa.

Nikapunguza mwendo.